Hema Halina Komeo: Siku za Tamasha Bagamoyo

Jumatano, Dar es Salaam

Kesho tunakwenda Bagamoyo kwenye tamasha la sanaa na utamaduni, na leo kutwa kazi imekuwa kupunguza mizigo. Sebuleni kwa dada kila mtu amemwaga vitu vyake kwenye mkeka, tunaulizana kimoja kimoja: hiki kikiibiwa utalia? Kama utalia na kule hakina kazi, kinabaki. Imebaki pete ya ndoa ya shemeji. Imebaki kompyuta mpakato ya mdogo wangu, ingawa alidai ana kazi ya kumalizia. Zimebaki kadi za benki, tumechukua moja tu ya kundi zima. Vitambulisho vya taifa tumevitoa kopi, na namba ya NIDA kila mtu ameiandika kwenye karatasi, kwa sababu ndiyo itakayoulizwa mtu akihitaji kurudishiwa laini ya simu.

Tunalala kwenye mahema kwa kuwa nyumba za wageni hujaa siku za tamasha, na pia kwa kuwa tunapenda kulala tukiisikia bahari. Lakini hema ni kitambaa. Zipu yake inafunguliwa kwa vidole viwili na ukuta wake unachanwa kwa wembe. Nimelisema hili mbele ya wote kabla hatujafunga begi hata moja, kwa sababu nimeona watu wazima, wenye akili zao, wakifunga zipu na kuondoka kana kwamba wamefunga mlango wa mninga.

Yuko kaka mmoja kundini aliyesoma Uingereza na kuwahi kulala Glastonbury, lile tamasha la shambani huko Somerset linalokusanya watu wapatao 200,000 kuanzia Jumatano mpaka Jumapili. Anasema wizi wa mahemani kule unajulikana kiasi kwamba waandaaji wameweka vituo vya kutunzia mizigo, bure, usiku na mchana, na anayelala hemani na vitu vya thamani anakuwa amependa mwenyewe. Jambo lililonishika zaidi ni la kufuli. Kule watu wanaonywa wasifunge zipu ya hema kwa kufuli, kwa sababu katika mahema mia yaliyo wazi, lile moja lenye kufuli ndilo linalomwambia mwizi kuna kitu ndani. Usiku simu na pesa vinakwenda chini kabisa ya mfuko wa kulalia, miguuni, wala si kichwani karibu na mlango. Akaongeza kwamba wapo wezi wanaonunua tiketi kama watu wengine na kuvaa kama wengine, kwa hiyo geti peke yake halimlindi mtu.

Simu ndizo zilizotuchukulia muda mrefu. Kila mtu amebonyeza *#06#, namba ya utambulisho ikatokea, nikaiandika kwenye daftari pamoja na aina ya simu na rangi yake. Namba hizi zilizungumzwa nchi nzima mwaka 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia mwezi Juni, na tangu hapo wengi hawajazitazama tena. Simu ikishaibiwa huna pa kubonyeza. Kisha tumeweka namba ya siri kwenye laini zenyewe, mbali na ile ya kufungulia kioo. Mwizi akiichomoa laini isiyofungwa na kuitia kwenye simu nyingine, jumbe za benki na za pesa za mtandao zinamwingilia yeye. Hapo ndipo hasara kubwa ilipo: simu ya laki mbili inaweza kuondoka na akiba ya mwaka mzima.

Shemeji ameamua kubeba kiswaswadu na kuiacha nyumbani simu ya kupapasa. Wengine tunataka picha, tumebeba.

Alhamisi, Bagamoyo

Tumepanda gari Makumbusho asubuhi. Barabara ya lami mpaka mwisho, kilomita 70 hivi, Bunju, Mapinga, Kerege, na kabla jua halijawa kali tukawa Bagamoyo tunapakia mahema kwenye bajaji.

Kiwanja cha kambi ni cha mtu binafsi, karibu na ufuo, kimezungushiwa ua wa makuti unaomzuia mbuzi lakini haumzuii mtu. Tulipofika kilikuwa karibu kitupu, na uchaguzi wa mahali tumeufanya polepole. Chini ya mnazi hapana, nazi huanguka. Kando ya ua hapana, kwa sababu hema linalogusa ua linaweza kuchanwa na mtu asiyeingia hata kambini. Kwenye njia ya kwenda chooni nako hapana: kila anayepita usiku ana sababu ya kupita, na ukimwona huwezi kumuuliza chochote. Tukapata sehemu ya katikati, taa ya nguzo inaifikia, njia haipiti. Mahema tumeyapanga nusu duara, milango ikitazamana, migongo nje. Mtu akifungua zipu yoyote, hema jingine linamtazama.

Tulipokuwa tunagonga vigingi akaja mzee mlinzi, rungu kwapani, tochi mfukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni Bagamoyo."

Alikaa nasi kwenye mkeka, akanywa chai ya tangawizi, akatueleza mambo ambayo hakuna tangazo lililowahi kunieleza. Alikuwa kijana tamasha hili lilipoanza mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya Chuo cha Sanaa kuanzishwa, kabla hakijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mwaka 2007. Anasema wageni huogopa usiku wa manane, wanakaa macho saa nane, na hiyo saa nane haina shida. "Mwizi wa hema anakuja ngoma kubwa inapopigwa. Kambi nzima iko kule, sauti imefunika kila kitu, hata kitambaa kikichanika nani atasikia? Halafu anakuja tena kabla ya adhana ya alfajiri, watu wamerudi wamechoka, wamelala fofofo, mlango nusu wazi kwa ajili ya joto."

Kutokana na maneno hayo tumepanga zamu. Kila jioni wawili wanabaki kambini tangu onyesho kubwa linapoanza mpaka wenzao wa kwanza warudi. Wawili, si mmoja, kwa sababu mmoja anakwenda msalani, mmoja anasinzia, mmoja anaogopa. Mdogo wangu alinung'unika kwamba hakulipa nauli aje kutazama mahema. Ninamwelewa. Lakini nimekataa kulegeza, na nimejipangia zamu ya kwanza, kesho Ijumaa, mimi na shemeji.

Vitu ambavyo hatukuweza kuviacha Dar, yaani kamera, lenzi zake, dawa za dada za mwezi mzima na ile kadi ya benki, tumevipeleka kwa mama mmoja jirani na kambi, anayepikia wageni na kukodisha vyumba vichache. Vyumba vimejaa, ila ana kabati la chuma chumbani kwake. Nilidhani tutamkabidhi begi na kuondoka. Amekataa kulishika begi lililofungwa. "Mwanangu, sipokei amana nisiyoijua. Fungua tuhesabu." Tukatoa kimoja kimoja juu ya meza, yeye akiandika kwenye daftari la shule kwa mwandiko uliopinda, mimi nikiandika kwenye langu. Lenzi mbili. Chaja moja. Vidonge, paketi tatu, moja imefunguliwa. Akataka kila mmoja wetu atie sahihi kwenye daftari la mwenzake. Akatutajia bei ya siku, ndogo kuliko nilivyotarajia, na sharti moja: anayekuja kuchukua ni yuleyule aliyeweka, hata akija mume wake au dada yake hapewi. Nimekwisha kuweka mizigo kwenye hoteli zenye mapokezi ya marumaru, na hakuna iliyonipokea kwa uangalifu huo.

Jioni tumewazungukia majirani. Hili ndilo jambo ninaloliamini kuliko njuga, kuliko kufuli, kuliko ua. Hodi hapa, hodi pale, majina, mmetoka wapi. Kuna kundi la Morogoro, kuna vijana wa Tanga wanaocheza mdumange, kuna mama na mabinti zake kutoka Unguja, kuna Wadachi wawili wenye baiskeli. Tumegawana mihogo ya kukaanga. Sasa ninajua hema la kijani ni la nani, na yeye anajua langu.

Kuhusu njuga: mmoja wa wale wachezaji wa Tanga alikuwa na njuga za mguuni zilizokatika kamba, hazifai tena jukwaani. Ametupa. Tumezifunga kwenye vishikio vya zipu, kwa ndani. Zipu ikisogea, zinalia.

Ijumaa

Asubuhi mji. Tumepita Ngome Kongwe, tumepita Boma la Wajerumani la mwaka 1897, tumekwenda misheni iliyofunguliwa na mapadri mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Dada alitaka magofu ya Kaole pia, lakini jua lilikuwa kali, tumeahirisha.

Nilikaa zaidi Karavanserai. Hapa walifikia wapagazi wa misafara kutoka Ujiji na Unyamwezi, miezi njiani, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, wa pembe wakija, wa vitambaa wakirudi. Maelfu ya watu, mahema, vibanda vya nyasi, mali nyingi iliyolala nje. Kambini mizigo ilikuwa ikirundikwa mahali pamoja, katikati, askari wa msafara wanaizunguka. Mpagazi hakulala na pembe ya ndovu kwenye kibanda chake. Nilirudi kambini nikiwaza kwamba tumeupanga vizuri mduara, lakini kila mtu bado amelala na begi lake pembeni mwa kitambaa, mkono mmoja kutoka nje. Alasiri tumeyasogeza mabegi yote kwenye hema moja la katikati, tukayafunga pamoja kwa kamba ya katani iliyopita kwenye mikanda yote. Anayetaka moja atalazimika kuyaburuta yote.

Taa pia tumeitoa ndani ya hema. Taa iliyowaka ndani inaonyesha vivuli vya kila kilichomo, begi hapa, mtu pale, au mtu hayupo. Tumeitundika nje, juu ya mlango, na ndani giza. Viatu vizuri ndani, ndara za zamani mlangoni.

Usiku sasa, na ninaandika haya mkono ukitetemeka.

Saa tatu wenzetu walikwenda ukumbini TaSUBa. Mimi na shemeji tulibaki, tukisikia ngoma kwa mbali, bugobogobo kwanza, kisha kitu chenye marimba. Kambi ilikuwa shwari kwetu. Lakini kiwanja ni kikubwa, na nyuma ya vyoo, mahali ambapo taa haifiki, walikuwa wamepiga hema vijana watatu waliokuja alasiri ya leo. Hatukuwa tumepiga hodi kwao bado. Walikuwa wamefunga zipu kwa kufuli ya shaba, inang'aa.

Saa tano kasoro wakarudi. Hema limechanwa kwa nyuma, mchano mmoja ulionyooka kutoka juu mpaka chini. Kufuli bado imefungwa mbele. Limeondoka begi, simu iliyokuwa inachajiwa kwenye pawabenki, pawabenki yenyewe, raba mpya na pesa za nauli.

Mmoja wao akapiga kelele: "Mwizi! Mwizi jamani!"

Aliyeishi Tanzania anajua kinachofuata. Watu walitoka kila upande, wengine hawajui hata kilichoibiwa. Nje ya ua alikuwa anapita kijana muuza mayai ya kuchemsha na ndoo yake. Alivyosikia kelele akaharakisha, na mimi katika nafasi yake ningeharakisha. Kuharakisha kwake kukawa ushahidi. Wakamvuta ndani kwa kola ya shati, ndoo ikaanguka, mayai yakapondeka mchangani, na nikamwona mtu mmoja ameokota kigingi cha hema.

Mzee mlinzi alifika kabla yetu. Hakupandisha sauti. Alimkalisha yule kijana chini, akasimama mbele yake, rungu ameliweka chini kwa makusudi, akasema, "Mkimpiga huyu mnaanza na mimi." Shemeji akasimama upande mmoja, mimi upande mwingine. Mama wa Unguja akaja na mabinti zake, wakaketi kabisa, wakamzunguka. Nikauliza kwa sauti: nani amemwona huyu hemani? Nikarudia. Hakuna aliyejibu. Tukatazama ndoo: chumvi, pilipili, kachumbari kwenye kopo, sarafu na noti za elfu mojamoja. Raba hazikuwemo. Begi halikuwemo.

Polisi walikuja baada ya muda, mtu alikuwa amewapigia 112. Wakamsikiliza, wakamwachia aende.

Nimewahi kusoma habari za watu waliouawa kwa neno hilo moja, na leo nimeona jinsi lilivyo fupi. Simu ina bei. Kijana huyu, umri wa mdogo wangu, alikuwa kigingi kimoja mbali na kufa, kwa ajili ya raba. Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia zamu na daftari na njuga ni kujisumbua. Tunapochunga vitu vyetu vizuri tunapunguza nyakati ambapo neno hilo litatamkwa. Na likitokea la kutokea, neno la kupiga kelele ni "msaada", na kumwita mlinzi, si "mwizi" kwa umati usiojua lolote.

Jumamosi

Asubuhi na mapema nimewasindikiza wale vijana kituo cha polisi. Tulikwenda tukiwa na maandishi: nini kimepotea, rangi gani, saa ngapi kilionekana mara ya mwisho. Askari wa kaunta alisikiliza, akaandika, wakapewa namba ya RB, yaani ya taarifa yao kwenye kitabu cha polisi. Bila namba hiyo huna la kuonyesha kokote kuhusu simu yako. Akauliza namba ya utambulisho wa simu. Kijana hakuwa nayo. Nikamwambia, namba hiyo imechapishwa pia kwenye boksi la simu. Akaazima simu, akampigia mama yake Morogoro, tukasikia mama anavuta masanduku chini ya kitanda, kisha akaanza kusoma tarakimu moja moja, 15 zote, naye askari akiandika. Ilichukua muda, na hakuna aliyemharakisha mama.

Kabla ya hapo, usiku uleule, shemeji alikuwa amempa kiswaswadu chake apige 100 kwa kampuni yake ya simu, laini ikafungwa na pesa zake za mtandao zikasitishwa. Hilo halingojei asubuhi wala halingojei polisi. Watu huanza kwa kuipigia simu iliyoibiwa, wakimsihi mwizi, wakati dakika hizohizo mwizi anajaribu namba za siri. Mwaka wa kuzaliwa ndiyo anayoanza nayo. Yule kijana alikiri ndiyo aliyokuwa akiitumia, na salio alilikuta salama. Mchana akaenda kwa wakala na namba yake ya NIDA, akaweka vidole, akapata laini ileile.

Tuliporudi tukamtafuta muuza mayai. Haikuwa kazi ngumu, mzee anamjua, ni mtoto wa mtaa wa nyuma. Vijana watatu walikwenda wenyewe. Sikuingia ndani nao, si mahali pangu. Nilisikia tu "shikamoo" ya aibu kwa mama yake, na baadaye nikaona wamechanga kulipia mayai yote na ndoo mpya. Aliyepiga kelele alikaa kule muda mrefu kuliko wenzake.

Alasiri kambi nzima imekaa chini ya mkungu. Sikuitisha mimi, aliitisha mama wa Unguja, na ndiye aliyeongoza. Tumekubaliana zamu ya kambi yote badala ya ya kundi letu tu, watu sita kila kipindi, wawili upande wa bahari, wawili getini, wawili wakizunguka. Mahema ya nyuma ya vyoo yamehamishiwa kwenye mwanga. Kufuli zote zimetolewa. Na tumekubaliana maneno ya kumwambia mtu usiyemjua akisimama karibu na hema: "Karibu, ndugu. Unamtafuta nani?" Basi. Mwenye haki zake atajibu, atataja jina, utamsindikiza. Asiye na jina la kutaja ataondoka mwenyewe, na hakuna aliyedhalilishwa.

Wadachi walitaka kujua kama wanaweza kuachia baiskeli zao zilale zimefungwa kwenye mnazi. Vijana wa Tanga wakawaonyesha jinsi ya kuzilaza na kupiga hema juu ya gurudumu moja moja.

Usiku wa onyesho kubwa. Sikuwa zamu. Nimecheza mpaka miguu imewaka, na kila baada ya muda nilikuwa nikigusa kibindo changu, pesa za kesho nimezifunga kwenye pindo la khanga ya ndani kama alivyokuwa akifanya bibi, simu kifuani kwa kamba. Mtu aliyenigonga makusudi mara mbili katika msukumano alikuta khanga tu. Kwenye umati begi la mgongoni ni la mtu aliye nyuma yako. Wavae mbele wanaoweza.

Niliporudi mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa hema la katikati, amechangamka mno. Zamu yake. Saa nne na nusu, ngoma ikiwa imepamba moto, alisikia njuga. Si za hema letu, za hema la mama wa Unguja, tuliyemgawia mbili. Akaenda na mwenzake, tochi chini, bila kukimbia. Mwanamume, shati safi, utepe wa tamasha mkononi, ameinama kwenye zipu.

"Karibu, kaka. Unamtafuta nani?"

Akasema anamtafuta rafiki yake. Anaitwa nani? Akataja jina ambalo halipo kambini. Mdogo wangu akamwambia mahema haya ni ya mama na mabinti zake, kama amepotea atamsindikiza getini kwa mlinzi akaulize. Akashukuru, akaenda getini kwa miguu yake, mzee akamtazama uso vizuri kwa tochi, akatoka. Hakurudi. Asubuhi mzee ameahidi kuwapa polisi maelezo yake, kwa wajihi, si kwa kubuni.

Labda alikuwa amepotea kweli. Kama ndivyo, amesindikizwa kwa adabu.

Jumapili

Siku ya kuondoka ina hatari yake. Watu wamelegea, mabegi yamepangwa getini yakisubiri gari, mmoja anakunja hema, mwingine anaaga, na kila anayepita anaweza kuinua begi na akaonekana mwenye begi. Tumeyafunga yote kwa kamba ileile ya katani na kumkalisha dada juu yake na chai yake.

Kwa mama wa amana nimekwenda peke yangu, maana ndiye mimi niliyeweka. Kabati limefunguliwa, daftari mbili zimefunguliwa, tumehesabu tena. Vidonge paketi tatu, moja imefunguliwa. Lenzi mbili. Akapiga mstari, nikatia sahihi, akaniuliza kama tumepata watu wa kutupeleka stendi. Siku mbili hizi, habari ya kabati lake ilipoenea baada ya Ijumaa, amepokea vitu vya nusu ya kambi, na kila mmoja amefungua begi mezani. Binti yake alikuwa akiandika, mkono wa mama ulichoka.

Mwenye kiwanja alikuja kuaga wageni. Tulimweleza, bila lawama, kwamba taa haifiki nyuma ya vyoo na kwamba wageni wake wanahitaji chumba kimoja cha tofali chenye mlango wa chuma na mtu wa kuandika. Hakubisha. Alikwenda na shemeji, ambaye ni fundi ujenzi, wakapima kwa hatua karibu na kibanda cha mlinzi, wakakadiria tofali na bati. Taa ameahidi kuiweka wiki hii. Chumba kinahitaji mfuko wa pesa ambao hana wote, na kundi letu pamoja na la Morogoro tumeandika majina ya watakaochangia saruji. Namba yake ninayo, na ya mzee mlinzi. Mzee atanipigia siku msingi utakapochimbwa.